Mashuwa ya sinema imetunzwa, reli yetu je?

Wandugu, The African Queen ya John Huston (1951) ni sinema tamu, sikatai. Sehemu yake ilipigwa humu humu Kongo, na Humphrey Bogart alipata Oscar juu yake. Lakini kwangu mimi, mtu wa Kalemie, iko na kosa moja kubwa: imetufuta.

Tuangalie historia yenyewe. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashuwa mbili za vita, Mimi na Toutou, ili wawanyang'anye Wajerumani ziwa Tanganyika. Kutoka Cape Town zilipanda treni mpaka Fungurume. Zikavutwa milimani na mashini za mvuke na ng'ombe, kwenye njia iliyokatwa na vibarua Waafrika. Zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo reli ya CFL ndiyo iliyozileta hapa Lukuga. Reli ilikuwa mpya kabisa, mwaka ule ule ndiyo ilifika ziwani. Tarehe 26 Desemba wakakamata meli Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann.

Riwaya ya C. S. Forester (1935) iliacha angalau kivuli cha habari hii: mwishoni, mashuwa mbili za Waingereza ndizo zinazamisha meli ya Wajerumani. Huston akabadilisha. Kwake mashuwa ya Bogart inamaliza kazi peke yake. Hapo reli ilitoka kwenye hadithi, pamoja na watu waliokata njia na kubeba vyuma.

Leo mashuwa ya sinema iko Key Largo, Florida. Imetengenezwa vizuri, na watalii wanalipa kuipanda. Ng'ambo ya ziwa, Watanzania bado wako na Liemba, ile Graf von Goetzen ya Wajerumani. Na sisi? Tuko na gare, bandari, na reli ya kilomita karibu 273 mpaka Kabalo, vyote vinachakaa.

Wengine watasema: hiyo ilikuwa reli ya mkoloni, ya kutoa mali yetu nje, acha ioze. Ni kweli, mkoloni hakuijenga kwa kutupenda. Lakini waliotandika vile vyuma ni mababu zetu, na majina yao hayako kwenye sinema ao kwenye sanamu. Siku chuma kile kitauzwa kwa kilo, ushahidi wa jasho lao utaenda nacho.

Kutunza si lazima tungoje dola za Kinshasa ao UNESCO. Mwanafunzi wa historia achague gare kwa TFC yake. Mwingine apige picha ya kila daraja mpaka Kabalo. Mwingine akae na mazee wa SNCC waliopata pensheni, awarekodi kwa simu: nani alifanya kazi gani, kwa mshahara gani, nani alikufa kazini. Vyuma vinaweza kungoja kidogo. Mazee hawatatungojea.