Kumtambua Chura wa Amani

Rangi ndiyo inayomdanganya mtu kwanza. Katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, yuko chura wa mitini aitwaye Leptopelis vermiculatus, naye ana sura mbili. Kuna wa kijani kibichi, mgongo umejaa michirizi myembamba ya rangi nzito na ubavuni ana mabaka meusi na meupe. Kuna na wa kahawia, mgongoni amebeba pembetatu iliyokoza, ncha yake ikielekea kichwani. Asiyewajua ataapa kwamba ni viumbe wawili tofauti, kumbe ni spishi moja. Kisha ukishuka kwenye misitu ya tambarare unakutana na Leptopelis flavomaculatus. Huyu naye ana pembetatu mgongoni, naye pia ana wenzake wa kijani, lakini ni spishi nyingine kabisa.

Ndiyo maana nawastahi watu wanaoifanya kazi hii ya kupambanua. Hawaipi rangi neno la mwisho.

Wanaanza na jicho. Tochi ikimmulika usiku, mboni ya Leptopelis imesimama wima kama ya paka, ilhali mboni za vyura wadogo wa matete, jenasi ya Hyperolius, zimelala. Hapo jenasi imeshajulikana, na kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza: utando wa vidole vya nyuma unafika pingili ya ngapi, visahani vya ncha za vidole vina upana gani, kiwambo cha sikio ni kikubwa kiasi gani kikilinganishwa na jicho. Kila kitu hupimwa kwa kalipa na kuandikwa. Jike na dume hupimwa mbalimbali, kwa kuwa jike ni mkubwa zaidi waziwazi, na anayewachanganya anaweza kuzua spishi ambayo haipo.

Kinachonivutia kuliko vyote ni namna kielelezo kinavyotayarishwa. Chura hupigwa picha angali hai, maana ule ukijani hupotea akishawekwa kwenye alkoholi. Akishakufa kwa dawa ya ganzi, kipande kidogo cha ini au cha msuli hukatwa na kutiwa kwenye alkoholi peke yake, kabla mwili haujaguswa na formalini, kwa sababu formalini huiharibu DNA. Kisha hulazwa kwenye sinia. Hapa mikono haina haraka: kila kidole hunyooshwa na kutanuliwa, kimoja kimoja, utando ubaki wazi. Mwili ukikakamaa vidole vikiwa vimekunjwa, utando ule hausomeki tena vizuri. Anayevinyoosha anamfanyia kazi mtu atakayeifungua chupa ya chura huyo miaka 50 au 100 baadaye. Mwisho hufungwa lebo mguuni kwa uzi, imeandikwa mahali, mwinuko, tarehe na namba, kwa penseli au wino usioyeyuka. Lebo ikipotea, chura huyo hawezi tena kusema alitoka msitu gani.

Vermiculatus alipewa jina mwaka 1909 na George Albert Boulenger wa jumba la makumbusho la London, kutokana na vielelezo vya Amani. Mwaka 1928 Thomas Barbour na Arthur Loveridge wa Harvard walichapisha ulinganisho wa vyura na reptilia wa milima ya Uluguru na Usambara, wakawaeleza spishi nyingine mbili za Leptopelis, uluguruensis na parkeri. Mwaka uliofuata Ernst Ahl akamwongeza barbouri. Kisha akaja Mdenmarki Arne Schiøtz na kinasa sauti. Kitabu chake cha vyura wa mitini wa Afrika Mashariki, cha 1975, kiliupa mlio uzito sawa na umbo. Jambo hilo lilikuwa na faida kubwa: dume humwita jike wa spishi yake kwa sauti, na gizani rangi haina la kusema.

Hata jenasi yenyewe imehama familia. Kwa miaka mingi Leptopelis aliwekwa pamoja na vyura wa matete, mpaka ushahidi wa DNA ulipomhamishia familia ya Arthroleptidae, pamoja na wale vyura wadogo wa kwenye majani makavu ambao kwa kawaida hawapandi miti, na yule chura mwenye manyoya wa Kameruni. Atazamaye vidole tu angekataa undugu huo.

Ramani ya mtawanyiko nayo hutokana na lebo zile zile. Nukta za flavomaculatus hufuata misitu ya chini kutoka Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, hadi Msumbiji. Za vermiculatus hubaki milimani Tanzania. Kila nukta ni chura aliyeshikwa na mtu, usiku, mara nyingi mvua ikinyesha, na nukta husongamana palipo na barabara na kituo cha utafiti. Amani ilikuwa na taasisi ya kisayansi tangu 1902, na ramani inaonyesha hivyo. Mtaalamu mwangalifu haandiki kwamba chura hayupo kwenye safu fulani ya milima mpaka mtu awe amefika huko msimu wa mvua, akasikiliza usiku, na akarudi tena kusikiliza.