Jicho Linalopanga Nyota Madaraja

Usiku wa Agosti 9, 2021, mwezi ulikuwa mchanga na ulishazama mapema. Mtu aliyetoka nje saa 3 usiku pale Lisekese, Masasi, kusini mwa Tanzania, akainua uso hadi utosini mwa anga, alikuwa anatazamana na nyota ambayo siku mbili nyuma isingeonekana kwa macho matupu. Jina lake ni RS Ophiuchi. Iko kwenye kundinyota la Mbeba Nyoka, na kwa sisi wa nyuzi 10 na ushee kusini mwa ikweta hupita karibu kabisa juu ya paa la nyumba.

Kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ni jitu jekundu lililovimba. Nyingine ni kibete cheupe, kiini cha nyota iliyomaliza kuni zake. Kibete hunyonya hidrojeni ya jirani yake na kuilimbikiza juu ya mwili wake, tabaka juu ya tabaka, hadi joto na mgandamizo vinapoilipua. Gamba linarushwa, nyota inabaki, kunyonya kunaanza upya. Ililipuka 1898, 1933, 1958, 1967, 1985, 2006, kisha 2021.

Mwaka huo miongoni mwa waliotangulia kuiona imebadilika walikuwa Keith Geary wa Ireland na Alexandre Amorim wa Brazil, watu wanaotazama nyota kwa mapenzi yao wenyewe. Ufundi wao ndio ninaoustahi, na ningependa kuueleza polepole.

Mng'ao wa nyota hupangwa kwa madaraja, na mkulima wa Masasi hahitaji kufundishwa jambo hilo mara mbili. Korosho ya daraja la kwanza ndiyo bora kuliko ya daraja la pili. Nyota nazo hivyo hivyo, namba ikipungua mng'ao unazidi. Tofauti ya madaraja 5 ni mng'ao mara 100. RS Ophiuchi ikitulia huwa kwenye daraja la 11 hivi, unaitafuta kwa darubini. Siku ile ilikuwa imepanda hadi kati ya la 4 na la 5.

Sasa mtazame mpimaji akifanya kazi. Kwanza anakaa gizani nusu saa, macho yazoee giza. Mwanga wa kusomea ramani ni mwekundu na hafifu, kwa sababu kioo cha simu kikiwaka mara moja tu, nusu saa yote imepotea. Kwenye ramani kila nyota ya kulinganishia ina namba yake isiyo na nukta: 46 maana yake 4.6. Nukta imeachwa makusudi, isije ikadhaniwa ni nyota. Anachagua mbili, moja inayoizidi kidogo nyota yake na nyingine inayozidiwa nayo. Tuseme ni 46 na 52. Jicho linakwenda kwa moja, linarudi, linakwenda kwa nyingine, linarudi. Anajiuliza: nyota yangu imeshuka kiasi gani kutoka kwa ile kubwa? Theluthi moja ya pengo la hizo mbili? Basi ni 4.8.

Hapo kuna mtego. Nyota yenye wekundu ukiikodolea macho huzidi kung'aa machoni mwako, ilhali angani haijabadilika kitu. Fundi huipitia kwa mtupo mfupi wa jicho, anaondoka, anarudi tena. Wala hachungulii alichoandika jana, maana jicho hupenda kukubaliana na daftari.

Kisha anaandika saa. Wapimaji wa dunia nzima hutumia hesabu moja ya siku inayoanzia adhuhuri ya saa za Greenwich. Saa 3 usiku ya Lisekese, Agosti 9, huandikwa 2459436.25. Namba hiyo na 4.8 yake ndiyo mavuno ya usiku.

Kinachonigusa zaidi ni usiku usio na mavuno. Nyota isipoonekana, fundi huandika kwamba ilikuwa hafifu kuliko 11.2, tuseme, yaani daraja la nyota hafifu kabisa aliyoweza kuiona karibu yake. Kwa uvumilivu huo Danie Overbeek wa Afrika Kusini aliandika vipimo zaidi ya 250,000. Albert Jones wa New Zealand alipita 500,000. Nyota moja baada ya nyingine, kwa jicho.

Na vipimo hivyo vina watu wanaovingoja. Habari za mlipuko wa 2021 ziliposambaa, darubini za H.E.S.S. kule Namibia zilielekezwa kwenye RS Ophiuchi, na kwa mara ya kwanza miale ya gama yenye nguvu kubwa kupindukia ikanaswa kutoka kwenye mlipuko wa aina hii.

Masasi ina kila kinachohitajika. Agosti ni kiangazi, mikorosho ina maua, mvua iko mbali. Adui ni moshi tu wa mashamba yanayochomwa. Usiku wetu unafika wakati Brazil bado kuna jua, na nyota inayolipuka haimngoji mtu. Mwalimu wa sayansi unayesoma haya, Agosti ikifika watoe wanafunzi wako nje saa 3 usiku, mtandike mkeka, mlale chali, na kila mmoja awe na daftari.