Gari la Waya

Kando ya barabara kuu ipitayo Iringa na Mbeya kwenda Tunduma, watoto huyatazama malori ya safari, kisha huyaunda kwa waya na makopo. Magurudumu ni kandambili zilizokatika, usukani ni ufito mrefu. Baadhi ya wazee huyavunja wakisema ni upuuzi. Wamekosea. Amepokea Abu Daud kuwa Mtume (S.A.W.) alimwona farasi wa kuchezea wa Bibi Aisha, mwenye mbawa za matambara, akacheka, hakumvunja. Vigari vya plastiki vya dukani huja na vipande vilivyokwisha pimwa kiwandani. Mtoto huyu hupima kwa jicho lake. Mzazi aulize jambo moja tu: waya umeokotwa, au umekatwa katika ua wa jirani?