Nani Anapiga Magoti? Roma na Uajemi katika Sanaa ya Washindi

Uhasama wa Roma na Uajemi ulidumu takribani miaka 680, tangu Crassus alipouawa Carrhae mwaka 53 KK hadi vita vya Heraclius vilipokwisha mwaka 628 BK. Katika muda huo mrefu mpaka baina yao haukusogea sana. Miji ileile ya Mesopotamia ya kaskazini ilitekwa, ikarudishwa, ikatekwa tena. Lakini ukiitazama sanaa ya dola hizi mbili, utadhani kila mmoja alikuwa mshindi siku zote. Naona kwamba sanaa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya macho ya nyumbani, na ndiyo maana inatuambia machache sana kuhusu jirani.

Tuanze na Augustus. Bendera za vikosi alizopoteza Crassus zilirudishwa mwaka 20 KK kwa mazungumzo, bila vita. Hata hivyo, sarafu za Roma zilimwonyesha Mparthi amepiga magoti akiikabidhi bendera. Sanamu ya Augustus iliyopatikana Prima Porta inarudia tukio hilo katikati ya dirii yake, ingawa hapo Mparthi amesimama. Makubaliano yamevishwa mavazi ya vita.

Upande wa Uajemi, mfalme Shapur wa Kwanza alichongwa katika mwamba wa Naqsh-e Rostam akiwa juu ya farasi. Mbele yake Mrumi mmoja amepiga magoti, na mwingine ameshikwa mkono. Wataalamu wengi huwatambua kuwa Philip, aliyeomba amani mwaka 244, na Valerian, aliyetekwa mwaka 260. Mtu anaweza kusema Shapur alikuwa na haki zaidi ya kujisifu, kwa kuwa kweli alimteka kaisari. Nakubali. Lakini mchongo umekunja miaka 16 ikawa dakika moja, na haukumwachia nafasi Odaenathus wa Palmyra, aliyelishambulia jeshi la Shapur lilipokuwa likirudi. Kosa la mchongo huu liko katika kile ulichokiacha.

Kazi zote mbili zimewaacha pia watu wa mpakani. Hao tunawasikia kwa Efrem Mshamu, mshairi wa mji wa Nisibis. Shapur wa Pili aliuzingira mji huo mara tatu, na mara moja alitumia maji ya mto kuzibomoa kuta. Katika tungo zake, Efrem anaufananisha mji na safina ya Nuhu iliyozungukwa na gharika. Mji haukushindwa. Mwaka 363, baada ya Julian kuuawa vitani Uajemi, kaisari Jovian aliutoa kwa mkataba ili jeshi lake litoke salama. Wakazi waliamriwa kuhama, na Efrem akamalizia maisha yake Edessa.

Efrem naye ana upande. Anamshutumu vikali Julian kwa sababu za dini, na hasara yote anaiona kuwa adhabu. Hata hivyo, ushairi wake una kitu ambacho mawe ya wafalme hayana: gharama. Ndani yake hakuna anayepiga magoti mbele ya farasi. Kuna ukuta unaobomoka na watu walio nyuma yake. Methali husema wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Kule Nisibis nyasi zilitunga mashairi.

Tena zilitunga kwa Kisiria, lugha iliyosemwa pande zote mbili za mpaka. Afrahat, aliyeishi chini ya Shapur wa Pili, aliandika kwa lugha hiyohiyo. Sisi tunaosoma fasihi ya lugha inayovuka mipaka ya nchi kadhaa tunapaswa kulitilia maanani jambo hili. Tukitaka kuelewa uhusiano wa majirani, tusiishie kwenye minara ya ushindi iliyo katika miji mikuu. Tutafute pia kilichoandikwa mpakani, kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa.