Nukta moja katika fotografi

Fotografi za Víctor Buso zimesifiwa sana, lakini sisi tunaona zimesifiwa vibaya. Mtu huyu ni fundi wa kufuli wa mji wa Rosario, katika Argentina. Usiku wa tarehe 20 Septemba 2016, juu ya nyumba yake, alikuwa akijaribu kamera mpya kwa darubini yenye kioo cha sentimeta 40. Akaielekeza kwa galaksi NGC 613, ambayo nuru yake husafiri karibu miaka milioni 80 mpaka kutufikia.

Magazeti mengi yalionyesha picha moja tu, ile yenye nukta. Hapo ndipo kosa. Nukta yenyewe haina uzuri: ni sawasawa na vumbi juu ya karatasi. Sisi tunapenda zaidi zile za kwanza, zisizo na nukta hata kidogo. Dakika 20 hivi, hakuna kitu. Kisha akapumzika dakika 45, akaanza tena, na tazama, nuru ndogo inayozidi kung'aa picha kwa picha! Ndiyo supernova, nyota iliyopasuka, katika mwanzo wake kabisa. Bila zile picha tupu, nani angejua saa ya mwanzo huo?

Wengine walisema alibahatika tu. Ni kweli, lakini nusu. Taa za mji zilimlazimisha kupiga picha fupi za sekunde 20, nyingi sana, naye hakuchoka wala hakuzitupa zile zisizoonyesha kitu. Mwaka 2018 jina lake liliandikwa pamoja na majina ya wataalamu katika gazeti Nature.