Maiti wa 95

Mwaka 1138 Mfalme Stephen wa Uingereza aliuteka mji wa Shrewsbury, karibu na mpaka wa Wales, akaamuru walinzi wa ngome wanyongwe. Hilo si la kubuni. Orderic Vitalis, mmonaki na mwanahistoria aliyezaliwa maeneo hayohayo, aliliandika akiwa bado hai katika zama hizo. Ellis Peters analichukua na kulifanyia jambo moja tu: anahesabu. Waliohukumiwa ni 94. Bruda Cadfael, Mbenediktini aliyekabidhiwa kuwaandaa kwa mazishi, anawahesabu, anarudia, na kila mara anapata 95.

Hicho ndicho kiini cha *One Corpse Too Many*, riwaya iliyotoka mwaka 1979, na sijui kisa cha upelelezi chenye mwanzo mzuri kuliko huo. Ukitaka kuficha jani, lifiche msituni. Ukitaka kuficha maiti, itupe katikati ya maiti. Muuaji alitegemea kwamba hakuna atakayejali mmoja zaidi.

Kiswahili kinaniongezea utamu ambao mwandishi hakuukusudia. Kwetu aliyetundikwa kwa amri ya mfalme amenyongwa, na aliyekabwa koo kwa uzi gizani naye amenyongwa. Neno ni lilelile. Riwaya nzima imekaa ndani ya tofauti hiyo ambayo neno letu halionyeshi. Cadfael anakwenda kudai haki ya mtu mmoja mbele ya mfalme aliyewaua 94, na mfalme anakasirika kweli kwamba mtu ameuawa bila idhini yake! Peters hasemi lolote kuhusu kichekesho hicho. Anatuachia tukione wenyewe.

Hapa ndipo anapowashinda waandishi wengi wa riwaya za Kikristo, ambao hawawezi kupita sura tatu bila mhubiri kupanda mimbarani. Cadfael alipigana Vita vya Msalaba, akawa baharia, akapenda wanawake, kisha akaingia utawani akiwa mtu mzima kulima mitishamba. Imani yake iko mikononi: kuosha maiti, kufumba macho yao, kuwanyoosha viungo ili ndugu zao wakija wasiogope. Ndugu hao wanakuja kweli. Aline, msichana aliyekuja kumuunga mkono mfalme, anamkuta kaka yake miongoni mwa walionyongwa na mfalme huyohuyo. Niliposoma ukurasa huo nilisahau kabisa kwamba natafuta muuaji.

Jina halisi la mwandishi ni Edith Pargeter, mzaliwa wa mkoa huohuo wa Shropshire, mwaka 1913. Kabla ya vita kuu ya pili alifanya kazi kwenye duka la dawa, na hilo linaonekana: chupa na marhamu za Cadfael hazijawekwa kama mapambo. Historia nayo haijamwagwa kwa vijiko. Ugomvi wa Stephen na binamu yake Maud kuhusu kiti cha enzi unaeleweka kupitia watu wanaolazimika kuchagua upande, wengine wakichagua kwa moyo na wengine kwa kupima upepo. Hugh Beringar, kijana mjanja ambaye hatujui ni rafiki au adui, ndiye anayeibeba sehemu ya katikati. Yeye na Cadfael wanaviziana kama wacheza bao wawili wazoefu.

Manung'uniko yangu yako mwishoni. Baada ya ushahidi kukusanywa kwa subira yote ile, hukumu inaachwa kwa panga: watu wawili wanapigana, na Mungu atamlinda mwenye haki. Sheria ya enzi zile iliruhusu, najua, na Kanisa lenyewe lilichelewa kujitoa; ni mwaka 1215 tu Mtaguso wa Nne wa Laterano ulipowakataza mapadri kubariki majaribio ya moto na maji. Lakini mwandishi anapanga matokeo kwa namna inayomfurahisha kila mtu, na wapenzi nao wanapangwa wawili wawili kama viatu. Msomaji aliyezoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, anayemaliza kesi kwa kuvuta kiko na kueleza, ataona amepunjwa kidogo.

Mfululizo una riwaya 20. Ya kwanza inahusu mifupa ya Mtakatifu Winifred, nayo inachekesha zaidi. Hata hivyo anza na hii ya pili, na ukifika kwenye hesabu ya maiti usiruke kurasa.