Taa Njema Hujua Kuzimika

Ukitaka kumpima fundi wa umeme wa magari, usimtazame anapowasha taa, mtazame anapozizima. Kuwasha hakuna kazi: waya mmoja betrini, mwingine kwenye bodi, mwanga huo. Katika gereji za jua kali za Kitale na Bungoma, wa kuwasha ni wengi. Wa kuzima ndio wa kutafutwa, na ndio ninaowasifu hapa.

Taa za ziada si anasa huku kwetu. Anayetoka Kitale usiku akapita Kapenguria na Ortum kuelekea Lodwar, au anayepanda Endebess kuufuata Mlima Elgon wakati wa mvua, anajua jinsi taa zilizokuja na gari zinavyoishiwa nguvu mapema. Upande wa Bungoma kuna trekta lililosheheni miwa bila hata taa moja nyuma, bodaboda yenye abiria wawili na balbu iliyoungua, ng'ombe aliyekata kamba. Ndiyo maana ngao ya mbele ya Land Cruiser hufungwa taa mbili za spoti. Wapo pia wanaozifunga kwa mapenzi tu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilitulea tukiamini kwamba gari lenye safu ya taa puani ni gari la mashujaa.

Kuzima kwa kwanza ni kwa fyuzi. Taa mbili za wati 55 kila moja hula ampea 9 hivi kwenye umeme wa volti 12. Ukiupitisha umeme wote huo kwenye kiswichi cha dashibodi, utakiunguza. Kwa hiyo fundi hufunga rilei: swichi hutuma umeme kidogo wa kuiamsha, nao umeme mzito hupita njia yake fupi, kwa waya mnene, kutoka betri hadi taa. Unene huo si mbwembwe. Volti zikipungua kwa asilimia 10 njiani, balbu ya halojeni hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Fyuzi ya ampea 15 nayo hukaa jirani kabisa na betri, kwa kuwa kipande chochote cha waya kinachoitangulia hakina kinga. Barabara ya vumbi ikitikisa gari mwaka mzima, waya husuguana na chuma. Siku ganda lake linapotoboka, fyuzi inakatika, unabaki na giza lakini gari haliungui.

Kuzima kwa pili ni adabu. Spoti zifuate fulu, yaani mwanga wa mbali: dereva akishusha mwanga kumpisha mwenzake, nazo zizime papo hapo. Hapa ndipo Toyota humtega fundi. Kwenye Land Rover nyingi, swichi ya taa hukata upande wa chanya. Kwenye Land Cruiser na Hilux nyingi za zamani, chanya hufika kwenye balbu moja kwa moja taa zinapowashwa, na kinachochagua dimu au fulu ni upande wa hasi. Aliyezoea Land Rover huchukua waya wa fulu akaupeleka kwenye pini namba 86 ya rilei, moja ya pini mbili za kuiamsha, na ya pili, namba 85, akaifunga kwenye bodi. Usiku mwenye gari anaona kioja: akiwa kwenye dimu spoti zinawaka, akipiga fulu zinazima!

Mwanagenzi hubadilisha rilei, kisha swichi, kisha humlaumu aliyeuza taa. Mjuzi huchukua testa, akagusa pini za balbu moja moja huku msaidizi akipiga dimu na fulu, akanyamaza kidogo. Halafu huing'oa ile 85 kwenye bodi na kuiunganisha na waya wa chanya wa balbu hizohizo. Sasa rilei haiamki mpaka fulu ipigwe. Na waya huohuo unaleta kuzima kwa tatu: taa kubwa zikizimwa, chanya inakufa, spoti haziwezi kuwaka hata mwenye gari akisahau swichi yake, na asubuhi betri iko hai. Namba zile zilipangwa katika viwango vya Ujerumani, na rilei inayouzwa Kitale huwa nazo kama ya Stuttgart. Lakini namba hazikuambii gari lililo mbele yako limefungwaje. Hilo huambiwa na testa na subira.

Siku hizi zimeingia taa za LED, ndefu kama rula, zenye kula umeme kidogo. Wengi huona rilei haina maana tena, wakaziunga popote. Kumbe sasa ndipo ufundi unahitajika zaidi, maana mwanga wake humpofusha dereva wa matatu anayekuja kutoka Kamukuywa na abiria wake wote. Wateja nao hulipa taa bila kubisha, kisha wakavutana na fundi kwa bei ya rilei, fyuzi na saa mbili za kazi. Mwanga unauzwa dukani kwa yeyote mwenye pesa. Anachokuuzia fundi ni usalama wa yule mnayepishana naye, na hapo si pa kuomba punguzo.